Kuhamisha Mitambo Mizito ya Viwandani Nyanda za Juu Kusini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu umeandaliwa kwa ajili ya wamiliki na mameneja wa viwanda vya chai vya Mufindi na Rungwe, viwanda vya kupasua mbao vya Mafinga na Njombe, mashine za kukoboa mpunga za Mbarali, viwanda vya kahawa vya Mbozi, na karakana za mijini Iringa na Mbeya, ambao wanatarajia kununua, kuuza au kuhamisha mtambo mzito. Maswali yamepangwa kwa kufuata mwendo wa kazi yenyewe, tangu mtambo ukiwa bado umefungwa sakafuni hadi utakapowashwa mahali papya.

Je, ni lazima kuita mafundi wa kunyanyua mizigo, au vibarua na jeki vinatosha?

Uzito peke yake hautoi jibu. Mashine ya kilo 800 iliyo fupi, yenye kitako kipana, na inayosogezwa mita tatu juu ya sakafu tambarare ya zege inaweza kuhamishwa na mafundi wa kiwanda wenyewe wakiwa na jeki nzuri na uangalifu. Mashine yenye uzito huohuo lakini ndefu kwenda juu, kama msumeno wa mkanda wenye magurudumu mawili ya chuma, moja likiwa juu kabisa, inaweza kupinduka kwa kuinamishwa kidogo tu, na hiyo ni kazi ya watu waliofunzwa. Kwa maoni yetu, waite wataalamu ikiwa mtambo unazidi tani moja, au utanyanyuliwa na kreni, au utapita kwenye mteremko, ngazi au sakafu usiyoijua ubora wake, au kitovu chake cha uzito kiko juu au kimeegemea upande mmoja.

Tunasema hivyo kwa sababu hatari kubwa haiko pale wengi wanapoitazamia. Wamiliki huhofia safari ya barabarani, ilhali mikono na miguu hupondwa zaidi katika mita chache za mwanzo na za mwisho: mtambo unapong'olewa kwenye msingi, unapopandishwa kwenye gari, na unapoteremshwa na kuwekwa mahali pake, wakati kila mtu amechoka na anataka kazi iishe.

Nitajuaje uzito wa mashine ambayo kibati chake cha maelezo ya mtengenezaji kimepotea?

Hili ndilo swali la kwanza ambalo fundi mzuri atakuuliza, na fundi asiyeuliza afikiriwe mara mbili. Kama kibati kipo, soma kwa makini, kwa kuwa uzito ulioandikwa mara nyingi ni wa mashine tupu, bila mota, bila mafuta na bila vifaa vilivyoongezwa baadaye. Kama hakipo, watengenezaji wengi huweza kutoa takwimu za modeli za zamani wakipewa namba iliyogongwa kwenye mwili wa chuma.

Ikishindikana, uzito hukokotolewa. Mita moja ya ujazo ya chuma cha pua au cha kawaida ina uzito wa karibu tani 7.85, na ya chuma cha kalibu (kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye umbo) karibu tani 7.2. Kwa hiyo bamba la chuma lenye urefu wa mita 2, upana wa mita 1 na unene wa sentimita 5 lina ujazo wa mita za ujazo 0.1, yaani uzito wa kilo 785. Fundi hugawa mashine katika vipande vya maumbo mepesi kupimwa, hukokotoa kila kimoja, hujumlisha, kisha huongeza akiba kwa ajili ya asichokiona. Akiba hiyo inahitajika hasa kwa mitambo iliyofanya kazi miaka mingi. Boila ya kiwanda cha chai inaweza kuwa na maji yaliyobaki, na kila lita 1,000 ni tani nzima. Ndani yake kuna matofali ya kuhimili moto. Na kwenye mabomba kuna ukoko uliojijenga polepole. Mashine za kusaga na kukoboa hubaki na nafaka na vumbi lililoshindiliwa kwenye mikunjo.

Baadhi ya kreni zina kipimo cha mzigo, na wapo wanaotaka kukitegemea badala ya kukokotoa. Sisi hatuoni hivyo, kwani kipimo hicho kinakuambia uzito wakati mzigo tayari umeshaanza kuning'inia.

Kitovu cha uzito kina umuhimu gani ikiwa uzito wenyewe unajulikana?

Mzigo ukining'inizwa hujizungusha wenyewe mpaka kitovu chake cha uzito kiwe chini kabisa ya ndoano. Ndoano isipokuwa juu ya kitovu hicho, mashine itainama mara tu itakapoachana na sakafu, nayo inaweza kuchomoka kwenye mikanda au kumbana mtu ukutani. Mashine ya kuchonga chuma ni nzito upande wa kichwa chenye giaboksi; jenereta ni nzito upande wa injini; mashine nyingi za viwanda vya chai ni nzito upande wa mota na gia. Kwa hiyo katikati ya urefu si katikati ya uzito.

Ndiyo maana fundi huunyanyua mzigo sentimita chache tu kwanza, akausimamisha, akaangalia kama umekaa sawa na kama mikanda haijateleza, kisha akaushusha na kurekebisha ikibidi. Anayeona hatua hiyo ni kupoteza muda wa kreni ya kukodi anafanya hesabu vibaya.

Kreni ya tani 25 itashindwaje kunyanyua mashine ya tani 10?

Tani 25 ni uwezo wa kreni hiyo mzigo ukiwa karibu kabisa na kiini chake na mkono wake ukiwa mfupi. Kila mkono unavyonyooshwa mbali ndivyo uwezo unavyoshuka, na kwa umbali wa mita kumi au zaidi unaweza kubaki tani chache tu. Kila kreni ina jedwali lake la uwezo, na jedwali hilo ndilo linaloamua. Mwombe mwenye kreni akuonyeshe mstari husika kwa umbali halisi wa eneo lako, ukihesabu pia uzito wa ndoano, mikanda na boriti ya kunyanyulia.

Kuna pia suala la ardhi. Miguu ya kreni hukusanya uzito mkubwa mahali padogo, na udongo wa Rungwe uliotokana na majivu ya volkano, au ardhi iliyojazwa kifusi pembeni ya kiwanda, huweza kudidimia mguu mmoja bila dalili ya awali. Bamba pana au mataruma ya mbao ngumu chini ya kila mguu si mapambo. Wenye kiwanda ndio wanaojua mahali palipopita mtaro, shimo la maji taka au tangi lililofukiwa, na wanapaswa kuyaonyesha kabla kreni haijaingia getini.

Mikanda na minyororo ina tofauti gani, na pembe inaathiri vipi?

Mkanda wa nyuzi za kisasa ni mwepesi na haukwaruzi mashine, lakini hukatwa kwa urahisi na kona kali na huharibiwa na joto. Kamba ya waya huvumilia zaidi, ila nyuzi zake zikianza kukatika au ikipondwa haifai tena. Mnyororo wa kunyanyulia hustahimili joto na kona, mradi uwe wa daraja lililotengenezwa kwa kazi hiyo. Mnyororo wa kuvutia magari hauruhusiwi kunyanyua kitu juu ya kichwa cha mtu. Mikanda iliyotengenezwa kwa viwango vya Ulaya hutambulika kwa rangi: zambarau ni tani 1, kijani 2, njano 3, kijivu 4, nyekundu 5, kahawia 6, samawati 8 na machungwa 10. Rangi hiyo haitoshi bila lebo, kwa hiyo mkanda uliopoteza lebo uondolewe kazini hata kama unaonekana mpya.

Pembe ndiyo inayowashangaza wengi. Chukua mashine ya tani 6 inayonyanyuliwa kwa mikanda miwili. Mikanda ikiwa wima, kila mmoja hubeba tani 3. Ikiwa na pembe ya nyuzi 60 kutoka mlalo, kila mmoja hubeba karibu tani 3.5; kwa nyuzi 45 hubeba takriban tani 4.2; na kwa nyuzi 30 kila mmoja hubeba tani 6 kamili, sawa na uzito wote wa mashine. Ni kama watu wawili wanaobeba ndoo moja ya maji: wakitembea karibukaribu ni rahisi, wakiachana mikono yao huvutwa kwa nguvu zaidi ingawa maji hayajaongezeka. Mafundi wengi hukataa kabisa pembe iliyo chini ya nyuzi 30, na kama dari ni fupi hutumia boriti ya kunyanyulia ili mikanda ibaki karibu na wima.

Kiwanda chetu kina paa la chini na kreni haiwezi kuingia. Kazi itafanyikaje?

Hali hii ni ya kawaida katika viwanda vya zamani, ambako jengo lilijengwa baada ya mitambo kuwekwa. Mtambo hunyanyuliwa kwa jeki upande mmoja kwa wakati mmoja, kidogo kidogo, na kila unapopanda huwekewa vipande vya mbao ngumu vilivyopishana kama ngazi, ili jeki ikifeli mtambo ushuke milimita chache tu. Hakuna mkono wala mguu unaoingia chini ya mtambo unaoshikiliwa na jeki peke yake. Mbao hizo ziwe kavu na zisizo na nyufa. Eneo letu lina misonobari tele, lakini msonobari mbichi ni laini kwa kazi hii na huteleza ukilowa.

Ukishanyanyuka, huwekwa juu ya mabomba ya chuma au vigari vidogo vya magurudumu ya chuma, ukavutwa taratibu kwa tirfo (kifaa cha mkono cha kuvuta kamba ya waya) au kwa kapi la mnyororo lililofungwa kwenye nanga imara. Nguzo ya jengo si nanga, isipokuwa mhandisi amekubali. Anayebadilisha mabomba husimama pembeni, huyasogeza kwa fimbo na si kwa vidole, na hapiti mbele ya mtambo unaotembea. Panapokuwa na mteremko, hata mdogo, huwekwa kapi la pili nyuma kwa ajili ya kuzuia, kwa sababu mtambo wa tani tano ulioanza kuteremka hausimamishwi na watu.

Kabla ya yote, njia nzima ipimwe: upana wa milango, urefu wa mihimili, vifuniko vya mitaro, na uwezo wa sakafu iwapo kuna ghorofa au chumba chini yake. Wakati mwingine kubomoa sehemu ya ukuta na kuijenga upya ni nafuu na salama kuliko kuupindisha mtambo kwenye kona tatu.

Mwenye kiwanda aandae nini kabla ya mafundi kufika?

Umeme ukatwe na fundi umeme mwenye leseni, swichi ifungwe kwa kufuli, na ufunguo ukae kwa mtu mmoja. Mvuke, hewa iliyobanwa na mafuta ya haidroliki yaachiliwe mpaka vipimo visome sifuri. Mafuta na maji yamwagwe kwenye vyombo na si kwenye mtaro. Transfoma za zamani sana zinahitaji tahadhari ya pekee, kwa kuwa mafuta yake huweza kuwa na kemikali za PCB, ambazo ni sumu na haziuzwi wala kugawiwa kwa matumizi mengine. Suala hilo lipelekwe NEMC (baraza la taifa la mazingira) kabla ya kugusa kizibo.

Sehemu zinazozunguka zifungwe. Shafti inayochezacheza safari nzima huacha alama kwenye beringi, na hasara yake huonekana wiki kadhaa baadaye. Bolti za msingi zote zifunguliwe na kuhesabiwa: mtambo ulioshikwa na bolti moja iliyosahaulika, au ulioganda kwenye zege, huongeza mzigo kwenye kreni ghafla na kwa kiasi kisichojulikana. Piga picha za nyaya na mabomba kabla ya kuyafungua.

Ni miezi gani inafaa?

Kuanzia Juni hadi Oktoba. Mvua za Nyanda za Juu Kusini huanza takriban Novemba na kuendelea hadi Aprili, na Rungwe huendelea kunyesha hata baada ya hapo. Kiangazi nacho kina upepo, na Makambako inafahamika kwa hilo; vitu vyenye eneo pana, kama bomba la moshi au ganda la kikaushio cha chai, vinyanyuliwe asubuhi mapema kabla upepo haujaamka.

Vibali gani vinahitajika barabarani?

Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zina sheria ya pamoja ya udhibiti wa uzito wa magari ya mwaka 2016. Uzito wa juu wa gari na mzigo ni tani 56, na kila ekseli ina kikomo chake: tani 10 kwa ekseli moja yenye matairi manne, tani 18 kwa kundi la ekseli mbili na tani 24 kwa kundi la ekseli tatu. Mtu anaweza kuwa ndani ya tani 56 na bado akakamatwa kwenye mizani ya Wenda, Makambako, Uyole au Mpemba kwa sababu mtambo uliwekwa nyuma mno ya tela. Mahali pa kuweka mtambo kwenye lobedi (tela la chini la kubebea mitambo) hukokotolewa kabla ya kupakia.

Mzigo unaozidi vipimo vya kawaida vya uzito, upana au urefu unahitaji kibali cha mzigo usio wa kawaida, kinachoshughulikiwa kupitia TANROADS na wizara yenye dhamana ya ujenzi. Kibali hueleza njia, muda wa kusafiri na masharti ya kusindikizwa. Anza kukishughulikia mapema, wala usikubali kauli ya dereva kwamba "tutaongea nao huko mbele".

Njia za mkoani zina hatari gani za pekee?

Anayeleta mtambo kutoka bandari ya Dar es Salaam atapanda Kitonga, mkoani Iringa, ambako barabara imebana kati ya mlima na bonde na kona zake ni kali. Kwa mzigo mrefu, kona ndiyo inayoamua ukubwa wa tela kabla hata ya mwinuko. Anayepeleka mtambo upande wa pili hushuka Kitonga, na kushuka ni kubaya zaidi kuliko kupanda: dereva achague gia nzito akiwa bado juu, atumie breki ya injini, na asisubiri breki za magurudumu zipate moto. Tahadhari hiyohiyo inahitajika mteremko wa Iwambi kuelekea Mbalizi, eneo la Mlima Nyoka, na Lukumburu kwenye barabara ya Njombe kwenda Songea. Barabara ya Mbeya kwenda Tukuyu inapopita milima ya Uporoto huwa na ukungu mzito asubuhi na jioni, na mzigo mpana hauna la kufanya humo isipokuwa kusubiri.

Tatizo jingine liko baada ya lami kuisha. Viwanda vingi vya mbao na chai viko kwenye barabara za TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini) au za mashamba yenyewe, na zile zenye bango la tani 10 zina sababu ya bango hilo. Mtu atembelee njia hiyo kwa pikipiki au gari dogo akiwa na futi ya kupimia, ahesabu makalavati na madaraja, na apime urefu wa nyaya za umeme. Kreni isikaribie nyaya za hadi kilovolti 50 kwa chini ya mita 3, na ikiwezekana iache nafasi kubwa zaidi. Pale ambapo haiwezekani, TANESCO iombwe kuzima laini. Kijana aliyepanda juu ya mzigo na mti mkavu wa kuinulia waya ni jambo la kawaida kuonekana, nalo limeua watu.

Je, reli ya TAZARA inaweza kutumika?

Inaweza, hasa kwa mitambo mizito inayotoka Dar es Salaam kuja Makambako au Mbeya. Reli hiyo ina urefu wa kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, na upana wake ni milimita 1,067. Kikwazo ni umbo la mzigo zaidi ya uzito, kwa sababu kati ya Mlimba na Makambako kuna mahandaki mengi, na kila kilichopakiwa lazima kiingie ndani ya vipimo vyake. Kumbuka pia kwamba reli inaongeza mara mbili za kupakia na kushusha, na tumeshasema mahali hatari ilipo.

Mtambo ufungwe vipi kwenye gari?

Kanuni inayotumika sana ni kwamba vifungo viweze kuzuia nguvu sawa na asilimia 80 ya uzito wa mzigo kuelekea mbele, na asilimia 50 kuelekea nyuma na pembeni. Kwa mtambo wa tani 10, maana yake ni tani 8 pale dereva anapokanyaga breki ghafla. Chuma juu ya chuma huteleza, kwa hiyo huwekwa mpira au mbao kati yake. Minyororo ifungwe kwenye mwili wa mtambo na si kwenye mabomba, mikono ya swichi au vifuniko. Baada ya kilomita chache za kwanza dereva asimame na kukaza tena, na arudie kabla ya kila mteremko mrefu. Utingo hasafiri juu ya mzigo.

Nani ana mamlaka ya kusimamisha kazi?

Anayetoa ishara kwa mwendesha kreni ni mmoja, naye ndiye pekee anayefuatwa. Lakini ishara ya kusimama inaweza kutolewa na mtu yeyote, hata mpishi wa kiwanda aliyepita, na mwendesha kreni atasimama bila kuuliza. Bosi anayepaza sauti kutoka pembeni, "mzee, pandisha kidogo tu," hana nafasi kwenye utaratibu huo.

Nikague nyaraka gani kabla ya kumpa mtu kazi?

Chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, vifaa vya kunyanyulia hukaguliwa na OSHA (wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi), kwa hiyo omba vyeti vya ukaguzi vya kreni na vifaa vyake ambavyo havijaisha muda. Omba pia vyeti vya mafunzo vya waendeshaji, uthibitisho wa usajili katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), na bima mbili tofauti: ya mzigo wakati wa kunyanyuliwa na safarini, na ya madhara kwa watu wengine. Soma kama bima ya mzigo inaanza mtambo ukiwa bado kiwandani au gari linapoondoka. Tofauti hiyo imewaacha wengi bila fidia.

Mwisho omba mpango wa kazi ulioandikwa, wenye uzito, umbali wa kreni, aina ya mikanda na majina ya wahusika. Karatasi mbili zinatosha kwa kazi ndogo. Asiye nao anapanga kazi papo hapo, na bei yake ya chini inatoka hapo.

Mtambo ukishafika, unaweza kuwashwa siku hiyohiyo?

Hapana. Msingi wa zege kwa kawaida huhitaji siku 28 kufikia nguvu iliyokusudiwa, kwa hiyo ujengwe kabla ya mtambo kuondoka ulikotoka. Mtambo husawazishwa kwa pimamaji na vibati vyembamba, bolti hukazwa kwa awamu, nafasi iliyobaki hujazwa zege laini lisilosinyaa, kisha usawa wa shafti na mota hupimwa upya baada ya zege hilo kukauka. Kwa mtambo uliotoka pwani, mwambie fundi umeme kwamba Mbeya iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari: mota na jenereta nyingi hupewa uwezo wao kwa mwinuko usiozidi mita 1,000, na injini ya dizeli isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000. Boila, kabla ya kuwashiwa moto, hukaguliwa tena na OSHA hata kama ilikuwa na cheti ilikotoka.